Asusa ya simbilisi inaanzia kwenye meza ya hoho

Watu wanaoanza kufuga simbilisi kwa ajili ya watoto huniuliza swali lilelile: nimpe nini kitamu? Mara nyingi anayeuliza ameshashika biskuti au kipande cha mkate mkononi. Huwa namwambia biskuti aile yeye mwenyewe na chai, kisha aende sokoni akasimame kwenye meza ya hoho.

Ninaishi Iringa. Simbilisi wangu wanne, majike watupu, wanakaa kwenye kibaraza cha nyuma katika banda la mbao alilotutengenezea fundi wa mtaani. Majina yao ni Soksi, Tangawizi, Mkaa na Malkia. Huku kwetu nyanda za juu simbilisi ni kitoweo kwa nyumba nyingi, na jirani akichungulia banda huuliza lini tutawachinja. Swali hilo haliniudhi. Kule kwenye milima ya Andes ya Amerika Kusini walikotokea, kwenye nchi za Peru na Bolivia, watu wamewafuga kwa nyama tangu maelfu ya miaka iliyopita na hadi leo wanawala. Hawa wangu tu ndio hawaliwi. Ni wa nyumbani, na ninawalisha nikijua nataka wazeeke hapa.

Kuna jambo moja la mwili wa simbilisi ambalo ukilijua, mambo mengine yote ya asusa yanajipanga yenyewe. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwilini. Mbwa vilevile, na paka, na sungura, na hata panya. Simbilisi hawezi, na sisi binadamu hatuwezi. Lazima aile kila siku, maana mwili wake hauna akiba ya kutosha, na akiikosa wiki mbili tatu kiseyeye kinamwanza. Anakuwa mzito kutembea, viungo vinavimba na kumuuma akishikwa, manyoya yanakakamaa, fizi zinatoa damu. Nimeshaonyeshwa simbilisi wa aina hiyo kwa watu, mwenyewe akidhani amerogwa au amepigwa na baridi, kumbe miezi yote amekula pumba na majani makavu tu.

Ndivyo dunia ilivyokielewa kiseyeye cha mabaharia pia. Mwaka 1907, huko Norway, wanasayansi Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu, nao wakapata ugonjwa uleule wa watu wa meli. Wakiongezewa mboga na matunda mabichi, wanasalimika. Baadaye mwanasayansi Albert Szent-Györgyi, akifanya kazi mjini Szeged, Hungaria, alipata vitamini yenyewe kwa wingi kutoka kwenye pilipili nyekundu zinazolimwa kule, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kila nikikata hoho nyekundu namkumbuka, maana hoho ni ndugu wa moja kwa moja wa pilipili hizo.

Simbilisi mkubwa mwenye afya anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 za vitamini C kwa siku, na mwenye mimba ahesabiwe ile ya juu. Gramu 100 za hoho ya kijani zina kama miligramu 80. Hoho nyekundu, ambayo ni ileile ya kijani iliyoachwa ikaiva, inapita 120. Kwa hiyo ukanda wa hoho nyekundu wenye upana wa vidole viwili unamtosheleza kwa siku nzima, na anautafuna kwa furaha mpaka maji ya hoho yanamtiririka kidevuni. Naondoa kikonyo na mbegu, naikata dakika ileile ninayotaka kuwapa, na siipiki. Moto na hewa vinaila vitamini C haraka sana. Wapo wanaonunua matone ya vitamini wakayatia kwenye maji ya kunywa. Mwanga unayaharibu, ladha ya maji inabadilika, na mnyama anaanza kunywa kidogo. Bora hoho.

Pera lina vitamini hiyo nyingi kuliko hoho, zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100. Lakini pera ni tunda, lina sukari, na tumbo la simbilisi limeumbwa kwa ajili ya majani. Matunda nawapa mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kwa kila mmoja. Pera, papai, tikiti, embe, tufaa lililotolewa mbegu, vyote sawa. Ndizi wanaipenda kuliko kitu chochote, na kwa sababu hiyohiyo naipima kwa ukali. Hata karoti, ambayo watu wanaiona mboga ya kawaida, mimi naihesabu upande wa matunda kwa ajili ya utamu wake.

Majani ya karoti ni habari nyingine kabisa. Haya ni asusa ya kweli, na sokoni yanatupwa! Muuza karoti anayakata ili mteja aone karoti zimependeza, kisha yanarundikana chini ya meza. Ukiomba kwa adabu unapewa bure. Yupo pia bibi mmoja anayeuza mahindi mabichi ambaye ananiwekea maganda. Nikifika namwamkia, ananijibu, "Marahaba mwanangu, wajukuu zangu wale wanne hawajambo?" Maganda mabichi ya mahindi pamoja na ndevu zake ni kitu ambacho simbilisi hukifurahia kwa mwili mzima, Tangawizi huliburuta ganda refu banda zima huku wenzake wakimfuata nyuma wakilinyofoa. Yana nyuzinyuzi nyingi na yanasuguana na meno vizuri. Angalia tu yasiwe na kuvu. Punje zenyewe za mahindi siwapi, zina wanga mwingi.

Giligilani wanapewa karibu kila siku, vishina viwili vitatu. Saladi ya majani ya kijani, tango wakati wa jua kali, nyanya iliyoiva vizuri bila kikonyo wala jani. Mchunga na kishona nguo nachuma mwenyewe nyuma ya nyumba, mahali ambapo najua hapajapulizwa dawa na mbwa hawapiti. Majani ya kando ya barabara siyagusi. Mboga za sokoni nazo huoshwa kwa maji mengi, hasa nyanya na hoho, kwa sababu wakulima hupuliza dawa na mnyama wa kilo moja hana pa kuificha sumu.

Mchicha na sukuma wiki nawapa kidogo tu. Mchicha una oksaleti nyingi, sukuma wiki ina kalisi nyingi, na vitu hivyo vikizidi hujenga mawe kwenye kibofu. Ukiona mkojo wa simbilisi umekauka sakafuni ukaacha unga mweupe kama chaki, punguza. Kabichi haimuui, ila kipande kikubwa kinamjaza gesi, na simbilisi mwenye gesi tumboni ni mgonjwa wa haraka, hawezi kutapika na hawezi kucheua.

Sasa vya hatari, na hapa naomba mwenye watoto nyumbani awakalishe chini awaeleze, kwa sababu mtoto huwa anampa mnyama kile anachokiona jikoni. Parachichi hapana, si nyama yake, si ganda, si jani. Vitunguu vya aina zote hapana. Viazi mviringo vibichi hapana, hasa vilivyogeuka kijani au kuchipua, wala majani yake, wala majani ya mnyanya. Maharage makavu hapana. Kisamvu kibichi hapana kabisa: jani la muhogo lina sumu ya sayanidi ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu, na mnyama wa bandani hana kinu wala sufuria. Lusina, ule mti ambao wafugaji wa mbuzi wanausifu, nao usimkatie simbilisi. Una kemikali iitwayo mimosini inayonyonyoa manyoya ya wanyama wasiocheua.

Karanga na alizeti zina mafuta mengi na zinaweza kumkaba. Mkate, ugali, chapati na biskuti vinachacha tumboni. Siku hizi ndugu wanaotoka safari huleta pakiti zenye picha ya simbilisi anayetabasamu, ndani kuna vijiti vya mbegu vilivyogandishwa kwa asali, au vitone vya mtindi vyenye rangi. Nawashukuru kwa moyo wao, ila pakiti haifunguliwi bandani. Simbilisi aliyeacha kunyonya hana kazi na maziwa, na asali haimfai. Peleti za sungura, yaani vile vidonge vya chakula kikavu, pia si mbadala: watengenezaji hawazitii vitamini C kwa kuwa sungura anajitengenezea. Zile za simbilisi zenyewe huitia, lakini inapungua sana ikipita kama miezi mitatu tangu zisagwe, kwa hiyo soma tarehe kwenye mfuko. Chakula cha kuku usikiguse, kingine kimechanganywa dawa zinazoua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi.

Yote hayo ni asusa. Chakula ni nyasi. Meno yote ya simbilisi, ya mbele na magego, huota maisha yake yote, na kinachoyasugua yasizidi ni kutafuna nyasi mchana na usiku. Nanunua robota la nyasi kavu za aina iitwayo Rhodes, na mvua zikinyesha nakata mbichi, nazitandaza zinyauke kidogo kivulini, silundiki, maana lundo la nyasi mbichi hupata joto na kuchacha. Mboga mbichi zote za siku, hoho ikiwemo, hazizidi kikombe kimoja kwa kila simbilisi mkubwa. Ukiona ameacha nyasi anasubiri hoho, umezidisha.

Namna ya kutoa ina uzito sawa na kitu chenyewe. Simbilisi ni mnyama wa kuliwa na wengine. Kila kivuli kinachotoka juu kwake ni mwewe. Ukimnyanyua kwa ghafla anakuogopa wiki nzima. Binti wa kaka yangu, ana miaka saba, nilimfundisha akae sakafuni, anyooshe mkono chini chini na jani moja refu la giligilani, kisha anyamaze. Siku za mwanzo Mkaa alichukua jani akakimbilia nalo mvunguni mwa kijumba. Tukaliacha hivyo. Sasa anakula papo hapo mkononi, na mtoto ananong'ona, "Shangazi, masharubu yake yananitekenya." Jani refu linasaidia kuliko kipande kifupi, kwa sababu kila linavyopungua ndivyo pua inavyokaribia vidole.

Malkia ni mnyang'anyi. Ukiweka hoho zote kwenye sahani moja, Soksi anaondoka na njaa. Kila mmoja anapewa ya kwake kwenye pembe yake, kwa wakati mmoja. Giligilani nyingine naichanganya ndani ya nyasi, au naijaza pamoja na nyasi kwenye kile kibomba cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha, nikiwa nimekipasua ubavuni ili kichwa kisikwame. Wanatumia muda mrefu kuitafuta, wanatembea, wananusa, wanafikiri. Jumapili ni siku ya mizani: bakuli la plastiki juu ya mizani ya jikoni, jani la karoti ndani, simbilisi ndani, naandika gramu kwenye daftari. Wakati wa kukata kucha pia, mtu mmoja anashika tango, mwingine anashika mkasi.

Kitu kipya nakianzisha kidogo kidogo, kimoja kwa wakati, ili tumbo likikataa nijue ni kipi. Wakubwa ni wagumu kukubali. Simbilisi hujifunza chakula akiwa mdogo, na kwa kuwa huzaliwa macho wazi na meno kamili, siku ya kwanza au ya pili tu ameshaanza kutafuna anachotafuna mama yake. Ukipata mtoto wa simbilisi, mwonjeshe aina nyingi za majani mapema.

Kiangazi cha huku, tangu Juni hadi mvua za Novemba, ndicho kipindi cha kuwa makini. Nyasi zote zimekuwa za kahawia, baridi ya Julai inauma, na vitamini C kwenye nyasi kavu ni kama haipo. Hoho nazo hupanda bei. Ndiyo maana nina ndoo kuukuu tano zilizotobolewa chini, tatu za giligilani na mbili za hoho, kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Namwagilia maji ya kuoshea mboga.

Jambo la mwisho ni la dharura. Simbilisi wangu wakisikia mlango wa friji hupiga mluzi ukasikika nyumba nzima. Asiyepiga mluzi, akaletewa hoho akaigeuzia uso, huyo ni mgonjwa, hata kama anaonekana mzima. Huenda ni meno, huenda ni gesi, huenda ni kifua. Utumbo wake ukikaa mtupu siku moja unaanza kusimama, kwa hiyo nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na ukifika mwambie wazi kwamba huyu ni simbilisi na si sungura. Akitaja penisilini au amoksilini ya kumeza, mwombe dawa nyingine. Kwa simbilisi hizo zinaua.