Shati la Minazi

Dada yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya feri, Likoni. Hata salamu hakutoa. "Kaka, zungumza na mwanao. Anataka kuacha shule apige gitaa." Nikamwambia sawa, nitazungumza naye. Nikapanda feri na gitaa langu mgongoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na mama mwenye kuku wawili, nikajicheka. Wa kumkanya mtoto gitaa amekosekana Mombasa nzima, nikapatikana mimi.

Mpwa wangu ana miaka 15. Nimeushika sana umri huo leo, kwa sababu ndio aliokuwa nao Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, mwaka 1963 alipochukua gitaa lake la umeme aina ya Stratocaster katika duka moja la Cork, kwao Ireland. Wanaonisoma wanajua nikianza na Gallagher simalizi, basi nivumilieni. Gitaa lenyewe lilikuwa la mitumba, bei yake pauni 100, akalichukua kwa mkopo. Inasimuliwa kuwa mwenye nalo wa kwanza alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi aliyeagiza jekundu, akaletewa la rangi ya machweo, akalirudisha. Na kijana akamtuliza mamake kwa hoja ya kibiashara: kwa gitaa hili nitapiga solo na ridhimu pia, hatutahitaji mtu wa pili. Mimi mamangu nilimwambia maneno karibu na hayo, bila kujua kuwa kuna mtu kishayasema.

Watu wakimtaja Gallagher hukimbilia bluzi-roki yake, shati la drafti, jasho, na lile gitaa lililobanduka rangi mpaka mbao zikaonekana. Wanaruka alipopikwa. Kabla ya kuwa na bendi yake Taste, mwaka 1966, alipigia bendi za dansi za kwao. Bendi hizo zilivaa suti za sare, zikapiga nyimbo zinazovuma redioni kama zilivyo, saa baada ya saa, watu wacheze. Kwaresima ikiingia kumbi za Ireland zinafungwa, bendi zinavuka kwenda kuwachezea Waairishi walioko Uingereza. Niliposoma hayo nilisema, yakhe, hii si sisi? Ramadhani ikiingia arusi za mjini zinakauka, na wewe unamshukuru Mungu kwa watalii.

Mimi nina miaka 22 katika bendi za hoteli, Bamburi na Nyali. Nimevaa shati la minazi la kila rangi. Wimbo wa Jambo Bwana, ambao Them Mushrooms waliutoa 1982 wakiwa vijana wa hapa hapa Mombasa wanaopigia mahoteli, nimeupiga mara nyingi kuliko nilivyoimba wimbo wa taifa. Siuchukii. Wanaoudharau hawajawahi kujaribu kuuanza kwa kasi ile ile mara ya tatu usiku mmoja, mzee mmoja wa Kijerumani amekushika bega anataka kuimba na yeye. Humo ndimo vidole vyangu vilimojifunza. Ukiweza kumchezesha mtu aliyeshiba bufee, unaweza kumchezesha yeyote.

Bluzi nayo nilijifunza pembeni, baada ya kazi, kwa kanda alizoniachia mtalii pamoja na gitaa lake la pili, nikamlipa kidogo kidogo kwa muda wote wa likizo yake. Kodi tatu tu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja (si hizi za kaunti), zinazunguka mikato kumi na mbili, unarudi ulikoanza. Nilidhani ni rahisi. Mwaka mzima nilikuwa napiga noti zote sahihi na hakuna kitu kinachosikika. Mzee wetu wa besi ndiye aliyenifungua: "Wewe unajaza tu. Acha nafasi, kama mtu anayelia anavyovuta pumzi." Tangu hapo sijaacha kuipiga; chumvi ya bahari inakula nyuzi, nabadilisha kila wiki mbili, na mke wangu anahesabu.

Nafasi ya kutoka niliipata. Wenzangu wawili walitaka tuwe watatu, bendi yetu, nyimbo zetu. Hoteli ikanipa mkataba wa miezi sita yenye mshahara, nikasema tuanze baada ya msimu. Msimu ukazaa msimu. Kisha 2020 mahoteli yakafungwa na corona, na mwenye hoteli tuliyempigia miaka yote akatutumia ujumbe wa mistari miwili. Malimbikizo yetu ya mshahara hatujayaona hadi leo. Niliuza amplifaya sokoni Kongowea, tukala.

Gallagher alitoka, na akaendelea kutoka. Taste ilipovunjika alikuwa na miaka 22, akajisimamia kwa jina lake. Januari 1975 Rolling Stones, bendi kubwa ya roki ya Uingereza, walimwita Rotterdam wapige pamoja, wakitafuta mpiga gitaa. Alikuwa na ziara ya Japani imekwishapangwa. Akasubiri, akaona hakuna anayemwambia lolote, akabeba gitaa akaenda zake Japani. Mpwa wangu akisikia hayo atasema ni ushujaa. Mimi siku hizi naona ni mtu aliyejua kazi yake ya wiki ijayo iko wapi. Lakini pia alikufa London, Juni 1995, ini limeharibika, akiwa na miaka 47. Mwezi ujao nami natimiza 47. Gitaa lake liliuzwa mnadani 2024 kwa zaidi ya pauni 700,000. Fikiria lile la mkopo.

Basi jioni kijana akaja nyumbani. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nimeandaa hotuba tangu feri. Akatoa gitaa kwenye mfuko wa unga, la nyuzi tano, wa sita hana, akanipigia kitu alichokitoa kwenye simu. Haraka, kasi kweli kweli, hakuna pumzi hata moja. Hotuba ikanipotea. Nikamkatia uzi wa sita kutoka pakiti yangu, nikamfungia, nikamwambia shule haiachwi, mamake ataniua mimi kwanza. Ila Ijumaa akitoka darasani aje Bamburi, atabeba spika, atakaa nyuma ya mzee wa besi na ridhimu tu, solo asiguse.

Akafikiri. Akauliza, "Mjomba, na lile shati la minazi lazima nivae?"

Nikamwambia lazima, na kuna moja la manjano linalomtosha.