Nilivyomwandaa mama kuonana na daktari kwa video

Kuna watu walinishauri eti siku ya miadi mama asimeze dawa, "daktari aione presha yenyewe." Nilikataa katakata na hadi leo nakereka. Daktari anataka kujua dawa zinamsaidiaje mgonjwa. Ukimwachisha, namba zinapanda bure, na mzee anaweza kupata kiharusi mbele ya macho yako.

Kliniki yake iko Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwetu Mikindani, Mtwara. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, safari zikakwama, ndipo daktari akasema tuonane kwa simu.

Wiki nzima kabla ya miadi nilimpima presha asubuhi na jioni kwa mashine niliyonunua sitini elfu na ushee. Anatoka kwanza msalani, anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Chai baadaye. Napima mara mbili, naandika namba zote kwenye karatasi, hata zinazotisha.

Kazi ilikuwa pa kukaa. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, mtandao ndani haushiki. Karibu na dirisha ulishika, lakini mwanga ulimpiga kisogoni, uso ukawa mweusi tii. Nikamhamishia barazani, akatazama nje. Na simu je? Ukiishika, mkono unachoka na picha inatetemeka. Nikachukua kinu, nikakijaza mchele hadi mdomoni, simu nikaivisha nailoni chini na kuichomeka. Ikasimama imara! Nainamisha, nainua, nageuza nitakavyo.

Dawa zote na maboksi yake nilizipanga kwenye ungo, pamoja na mizizi aliyoletewa kutoka Newala. Shangazi alitaka niifiche. Mimi niliitanguliza mbele.

"Shikamoo mama," daktari akaanza.

"Marahaba mwanangu, miguu inanivimba."

Nikainamisha simu. Daktari akanielekeza nibonyeze muundi kwa kidole gumba sekunde kadhaa, nikiachia aone. Shimo likabaki, naye akaliona vizuri kabisa. Akaisoma ile karatasi, akauliza mizizi inanywewaje, akasema iachwe kwanza. Amlodipini, dawa yake ya presha, akaeleza, huweza kuvimbisha miguu. Akaipunguza, akaongeza dawa nyingine, na akaagiza vipimo vya figo tukafanye hospitali ya Ligula, hapa Mtwara.

Bando sidhani kama lilifika elfu tatu. Kesho yake alfajiri tulikuwa Ligula, na karatasi mpya ya presha nimeshaianza.