Picha za wateja wangu zimo kwenye simu ya mume wangu

Simu yangu ni kitochi. Ina laini mbili na tochi kali, na nikiichaji Jumapili jioni naweza kuisahau mpaka katikati ya wiki. Mlio wake unasikika hata cherehani ikiwa inanguruma. Wateja wananilipa kwa M-Pesa, umeme wa LUKU nanunua humohumo kwa *150*00#, bila bando wala intaneti. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini sina simu janja, siku zote nilijibu kwamba iliyopo inanitosha. Mwaka huu jibu hilo limeanza kunikwama.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, fremu yangu iko Mji Mpya, Morogoro. Zamani mteja alikuja na kitenge chake, akanyoosha kidole kwenye bango la mishono ukutani: huo hapo, lakini mikono iwe mirefu. Tukaelewana, nikapima, akaenda zake. Siku hizi mshono anauona Instagram saa nne za usiku, anautaka uleule na kola ileile, na anataka kunitumia picha hapohapo kabla hajaghairi. Anaituma wapi? Kwenye simu ya baba watoto.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Picha zinaingia akiwa darasani, mimi naziona akirudi jioni, na mteja ameshanipigia tena na tena kuuliza kama nimeiona. Usumbufu huo tungeuvumilia. Kuna mteja mmoja ndiye aliyenifanya nilifikirie upya jambo zima.

Ni mama wa makamo, anaishi Dodoma, alitaka gauni la sendofu ya binti yake. Hakuwa na nafasi ya kuja kupimwa. Nikamwelekeza kwa simu, dada yake akampima: kifua, kiuno, hipsi, mgongo, urefu wa bega mpaka gotini. Nikamwomba na picha amesimama, ya mbele na ya ubavuni, ili nione mabega yamekaaje. Akauliza, "Hiyo namba ya WhatsApp ni yako mwenyewe?" Nikamwambia ni ya mume wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mdogo wangu, nitakuja mwenyewe." Akapanda basi kutoka Dodoma mpaka Morogoro, akapimwa, akarudi siku hiyohiyo.

Nauli ile imeniuma mpaka leo. Mume wangu ni mtu mstaarabu, hafungui picha hizo, ananiletea simu nifungue mimi. Lakini mteja hamjui mume wangu, na wala hapaswi kumjua. Fundi wa nguo za kike anajua mengi ya wateja wake: nani ananyonyesha na anataka zipu ya mbele, nani ana kovu la upasuaji na hataki kitambaa kinachoshika tumbo, nani ameondolewa titi moja na tunajaza pamba upande mmoja ili gauni likae sawa. Hayo ninaambiwa nikiwa na futi mkononi na pazia limeshushwa. Nikiyahamishia kwenye simu ya mtu mwingine, hata awe mume wangu wa ndoa, nimelifungua pazia.

Nyumbani tumelijadili sana. Wazo la kwanza la mume wangu lilikuwa nitumie kompyuta, hii ninayoandikia sasa. WhatsApp inafunguka kwenye kompyuta, kweli, ila akaunti lazima iwe imeanzia kwenye simu janja. Tena kompyuta inabaki nyumbani, nami niko kwenye fremu. Wazo la pili, kuweka WhatsApp mbili kwenye simu yake, yangu na yake, lilikufa lenyewe: picha zingekuwa mfukoni mwake kama kawaida.

Mama yangu yeye anapinga moja kwa moja. Anasema simu hizo zinakula muda wa kazi, na ametoa ushahidi: mafundi wawili vijana wa fremu za jirani, mguu uko kwenye pedali lakini macho yako kwenye video, na nguo ya mteja wa Ijumaa inatoka Jumatatu. Hoja hiyo siidharau. Nimewaona kwa macho yangu. Ndiyo maana nimekubaliana na nafsi yangu kwamba simu hiyo ikija itakuwa kifaa cha fremu, italala kwenye droo pamoja na mkasi, na nyumbani nitarudi na kitochi changu.

Lililoniuma zaidi ni fedha. Nilikuwa nadunduliza kwa ajili ya ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisichanike nyuzi. Sasa hivi kila nguo naipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki kwa malipo, na kila ninapompa fedha yake naiona mashine yangu ikisogea mbali. Kununua simu ni kuiahirisha ovaloki, pengine mpaka mwakani. Ila ovaloki ya jirani ipo na inafanya kazi nzuri, wakati mahali pa heshima pa kuweka picha za wateja hakuna jirani anayeweza kuniazima.

Baada ya hapo ndipo likaja la simu ipi. Mdogo wangu wa kiume ni fundi simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nikapanda treni ya SGR ya asubuhi, nikamfuata na kipande cha kitenge kwenye pochi, rangi ya damu ya mzee yenye maua ya manjano. Nilikuwa na sababu. Wateja wa mbali wananitumia picha ya kitambaa kabla kitambaa chenyewe hakijafika na basi, ili nitafute uzi, bitana na zipu mapema. Simu ikiidanganya rangi, nanunua uzi usiofanana.

Kwenye kila duka nilimwomba muuzaji apige picha kile kipande, kisha nikasogea mlangoni kwenye mwanga wa jua nikavilinganisha, kitambaa mkono huu na simu mkono huu. Simu ya kwanza ilikifanya chekundu kama nyanya. Ya pili ilikifanya karibu na kahawia, na maua yakapauka. Kwenye Samsung Galaxy A16, ambayo kioo chake ni AMOLED, kitenge kilitoka kizuri kuliko kilivyo, rangi zinawaka. Nikakataa. Mdogo wangu akaingia kwenye mipangilio ya kioo, akatoa rangi kali akaweka rangi asilia, na damu ya mzee ikarudi kuwa damu ya mzee. Wauzaji walinishangaa, lakini fundi mwenzangu ukienda kununua simu nenda na kitambaa unachokijua. Picha ya uso wako haitakuambia kitu, maana kamera nyingi za mbele zinalainisha ngozi zenyewe bila kuombwa.

Simu za bei ya chini zilikuwepo tele: Tecno, itel, Infinix. Mdogo wangu akanieleza kwamba zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, kwa hiyo kuzishindanisha kwa majina hakuna maana sana, linganisha kilichomo ndani. Akanifundisha na kusoma boksi. Ukiona limeandikwa RAM 8GB, yaani memori ambayo simu inafanyia kazi, tafuta maandishi madogo: mara nyingi ni 4+4, yaani RAM ya kweli ni 4, na nyingine 4 inaazimwa kutoka kwenye memori ya kuhifadhia picha. Simu ya namna hiyo, memori 64GB, niliambiwa laki mbili na themanini. Kwa mtu wa kupiga, kuchati na kusoma habari inatosha kabisa, na ningemshauri mama yangu hiyo kama angekuwa anataka.

Kuna simu zilizokwishatumika kutoka Dubai pia. iPhone 6 nilioneshwa, nyepesi, imeng'aa, bei ndogo. Lakini tangu Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone 6, kwa kuwa mfumo wake haufiki toleo linalotakiwa. Mtu ananunua umbo. Vilevile zile simu za batani zenye mfumo wa KaiOS, ambazo kwangu mimi zilikuwa suluhisho zuri kwa sababu zinafanana na kitochi, WhatsApp iliondolewa kwenye duka lao la programu katikati ya 2024. Jambo hilo limenifungua macho: simu janja inaweza kuwa nzima, kioo kizima, betri nzima, na bado ikawa haikufai, kwa sababu aliye mbali ameamua kuiacha. Cherehani yangu ya Butterfly hakuna mtu anayeweza kuizima akiwa ng'ambo.

Hiyo ndiyo sababu nimekuwa nauliza kila muuzaji swali moja: apdeti za usalama zitakuja mpaka lini? Wengi hawakuwa na jibu. Kwa A16 Samsung imeahidi miaka 6, na simu yenyewe ilitoka mwishoni mwa 2024. Kwa bei niliyotajiwa, laki nne na nusu ya memori 128GB, ukiigawa kwa miaka hiyo inaweza kuwa nafuu kuliko ile ya laki mbili na themanini ambayo hakuna aliyeweza kuniambia itaachwa lini.

Mkopo nao nilipendekezewa. Kianzio 80,000, kisha 1,700 kila siku kwa mwaka mzima. Nikaomba kalamu. 1,700 mara 365 ni 620,500, jumlisha kianzio, 700,500, kwa simu ya laki nne na nusu. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Kwa bodaboda anayeshika fedha kila siku inaweza kuingia akilini. Fundi hapati kila siku. Sisi tunavuna kwenye Idi, Krismasi, sare za shule za Januari na msimu wa harusi, halafu inakuja miezi ya kukaa unapanga vipande vya vitambaa. Simu ikijifunga miezi hiyo, imefunga na picha za wateja na vipimo vyao. Hapana. Nitanunua kwa fedha taslimu au nitasubiri.

Nikiwa bado kwa mdogo wangu, niliona kitu kilichonishtua kuliko bei zote. Kwenye meza yake kulikuwa na simu za wateja zinazosubiri kubadilishwa kioo, na karibu kila moja ina kikaratasi kimegundishwa nyuma, kimeandikwa namba ya siri. Mdogo wangu ni mwaminifu, namjua. Lakini wenye simu hawamjui. Wamemwachia maisha yao yote mezani ili kioo kikibadilishwa aweze kujaribu kama tachi inashika. Nikamuuliza yeye anafanyaje na yake. Akasema kioo chake akipasua anabadilisha mwenyewe, na mimi dada yake nitapata huduma hiyohiyo bure. Nimemshika kwa ahadi hiyo.

Mpango wangu sasa uko hivi. Namba yangu ya siku zote, ambayo wateja wanayo na fedha zinaingia humo, inabaki kwenye kitochi. WhatsApp haihitaji laini ikae ndani ya simu janja. Inahitaji ujumbe wa namba za kuthibitisha ufike kwenye hiyo namba, uziandike, basi. Kwa hiyo wateja watanipata WhatsApp kwa namba ileile, na simu janja itakuwa na laini nyingine ya bando tu. Ikiibiwa fremuni, mwizi hajachukua M-Pesa yangu. Hizo namba za kuthibitisha usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha ni wa huduma kwa wateja. Wenye kuibiwa akaunti wengi wameibiwa hapo.

Picha za miili ya wateja hazitaingia kwenye galari ya kawaida. WhatsApp ina mahali pa kuzuia picha zisijihifadhi zenyewe, na meseji za kila mteja zinaweza kuwekwa zijifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwangu 90 zinafaa, zinatosha kushona, kujaribisha na kurekebisha. Vipimo nitaendelea kuviandika kwenye daftari kwa mkono. Gauni likiwa kwenye hanga nitalipiga na kulitangaza. Mteja akiwa amelivaa, mpaka aseme ndiyo.

Kabla sijalipa nitabonyeza *#06#, nichukue namba za IMEI zinazoitambulisha simu, nizitume kwenda 15090 nione kama simu ni ya kampuni na aina niliyoambiwa. Huduma hiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo tangu wakati wa kuzimwa simu feki Juni 2016, na bado nakutana na watu hawaijui.

Zile picha za zamani zilizo kwenye simu ya mume wangu tumeshapanga kuzifuta pamoja, nikikaa naye kitini. Kufuta mara moja hakutoshi: kama zilipanda Google Photos, zinakaa kwenye kikapu cha takataka siku 60, lazima uingie humo ufute tena. Tutaanza na za yule mwenye zipu ya mbele.

Mafundi wenzangu mlio na simu janja kwenye fremu, naomba mniambie jambo moja. Vumbi la nyuzi na pamba linaingia kwenye tundu la chaji? Mdogo wangu anasema analitoa kwenye simu za mafundi cherehani kwa kijiti cha meno, limeshikamana kama kipande cha blanketi. Mnazibaje?