Chupa ya vitamini niliyomrudishia jirani

Wiki ya tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilishindwa kulala chali. Nikilala pumzi inakata, nikiegemea mito mitatu inarudi. Miguu ilivimba hadi kandambili hazinienei. Zahanati niliyokwenda kwanza waliniambia ni uchovu wa uzazi. Siku nane baadaye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha moyo wangu umetanuka na kila pigo unasukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo. Moyo wenye afya huvuka 50, hivyo wangu ulikuwa umeshindwa kazi.

Mama alikuwa amekuja kunitunza. Ana presha na kisukari, na alikuwa akihema kwa ngazi chache, nikambembeleza naye apimwe. Akatoka na asilimia 60. Tulishangilia mapema: daktari alisema wake nao umeshindwa, kwa namna nyingine. Wangu ulilegea, haukamui. Wake umekakamaa, haufunguki vizuri kupokea damu.

Jirani, kwa mapenzi yake, akatuletea chupa ya vitamini E na unga wa kuondoa sumu. Nilikuwa tayari kumeza, maana daktari mwenyewe alishanieleza habari za chembe kali za oksijeni, na vitamini E husifiwa kwamba huzizima. Seli zinapotengeneza nguvu huvujisha chembe hizo, na mwili huzizima. Zikiuzidi, zinaunguza seli yenyewe. Kwa ugonjwa kama wangu, wa moyo kulegea kutokana na uzazi, mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani na wenzao walionyesha kwamba wingi wa chembe hizo husababisha prolaktini, homoni ya maziwa, ikatwe, na kipande kinachobaki huumiza mishipa midogo ya moyo. Ndiyo maana nilipewa bromokriptini, dawa inayozuia prolaktini, pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda. Maziwa yakakauka. Kumnyima ziwa mtoto wa mwezi mmoja kuliniliza kuliko ugonjwa.

Kwa mama, chembe zilezile huchochewa zaidi na presha, sukari na uzito. Huharibu utando wa ndani wa mishipa, mishipa ikakosa kulegea, na msuli wa moyo ukazidi kukaza.

Basi vitamini ina ubaya gani? Nilimuuliza daktari hivyohivyo. Akanieleza utafiti uliotolewa 2005: watu wenye kisukari au maradhi ya mishipa walimeza uniti 400 za vitamini E kila siku kwa miaka, na waliopata moyo kushindwa walikuwa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nikamrudishia jirani chupa yake. "Shoga, nimeshukuru sana, ila hii hapana."

Tulichoshika ni dawa za hospitali, bila kuruka hata siku moja. Chumvi tuliiondoa mezani. Kila alfajiri baada ya haja ndogo tunapanda mizani, naandika kwenye daftari. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, tunampigia daktari. Dawa moja ya mama, empagliflozini, ya kisukari inayosaidia na moyo, ni ghali, hivyo ndugu watatu tunaichangia.

Mwezi wa kumi na nne eko yangu ilisoma 53. Dawa sijaruhusiwa kuacha, na kwa kuwa mimba nyingine ingeweza kurudisha ugonjwa, nimeweka kijiti cha uzazi wa mpango. Ya mama bado ni 60, na mwanzoni iliniudhi, hadi nilipoelewa kwamba namba hiyo haikuwa kipimo cha ugonjwa wake tangu awali. "Mwanangu, wewe hesabu ngazi," aliniambia. Sasa anafika ghorofa ya pili bila kusimama.