Chupa tatu, alama zetu

Jana jioni hapa Louisville, Marekani, nilikaa na shemeji, chupa tatu za wiski mezani, kila mtu na karatasi yake ya alama. Masharti: hakuna barafu, hakuna soda, hakuna kuchungulia alama za mwenzako.

Tukaanza na Maker's Mark. Hii bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, huwekwa ngano badala ya rai (nafaka inayofanana na ngano), ndiyo maana inateleza kama uji wenye sukari guru. Nikaipa 7 kati ya 10. Wild Turkey 101, bourbon pia, ina kilevi asilimia 50.5, inakukamata koo kwanza, halafu inakuachia ladha ya karameli na harufu ya pipa la mwaloni lililobabuliwa. 8. Sheria ya Marekani inataka pipa la bourbon liwe jipya, na mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zake. Naam, mahindi haya haya ya ugali!

Mwisho Rittenhouse, wiski ya rai. Nilipoinusa tu, pilipili manga na mdalasini, nikaikumbuka chai ya viungo ya nyumbani. Nikadondosha matone mawili ya maji, ikafunguka zaidi. 8.5. Shemeji kaipa 4, pembeni kaandika "dawa ya kikohozi". Basi chupa hiyo nimeificha kabatini, nitaimaliza peke yangu.