Vile nilijitetea mwenyewe kwa kesi ya kupiga mtu

Watu wananiuliza sana vile nilitoka kwa ile kesi bila wakili, na kuna wenye wanaamini nilihonga. Sikuhonga. Pesa ya wakili ndio sikuwa nayo, manake kazi yangu ni kuchomelea mageti huku Kisauni, Mombasa, na bei niliyotajiwa ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, so nikaamua nitaisoma hiyo kesi vile nasoma mchoro wa geti, kipimo kwa kipimo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jirani wa ploti moja alinijia usiku na kipande cha bomba juu ya maji ya tangi, akanigonga mkono, nikamsukuma, akaangukia ukingo wa mtaro wa simiti akapasuka juu ya jicho. Yeye akafika stesheni kwanza, na mkifanya mchezo anayefika kwanza ndiye anakuwa mlalamishi na wewe unakuwa mshukiwa hata kama mkono wako umevimba kama nini.

Nilishikwa Ijumaa jioni. Katiba kifungu 49 inasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, lakini yakiisha wakati korti imefungwa unangoja siku ya kazi inayofuata, ndio maana kamatakamata ya Ijumaa watu wanaiogopa. Jumamosi dadangu akaja na chai, na huyo ndiye aliniokoa kwa kweli, hakulia hakubembeleza, alienda tu pale kaunta akamwambia askari, "Afande, huyu pia ameumia, tunaomba iandikwe kwa OB," kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio. Wakavutana hapo mpaka ikaandikwa tukapewa namba, na baadaye nikatibiwa nikajaziwa P3 yangu mwenyewe, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaandika majeraha. Bila hiyo karatasi ningeingia kortini na mdomo mtupu.

Selo nayo ina mawakili wengi, na ushauri wao ni mmoja: kubali tu upigwe faini uende nyumbani. Hata askari mmoja aliniambia hivo. Sasa cheki shtaka lenyewe, kifungu 251 cha Penal Code, yaani sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kumpiga mtu na kumuumiza, kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Hicho si kitu cha kukubali ndio uwahi chakula cha mchana. Jumatatu nikasomewa kwa Kiswahili nikajibu "si kweli", nikapewa dhamana ya keshi, familia ikachanga.

Kuna mzee mtaani alikuwa karani wa korti zamani. Akaniambia, "Kijana wangu, usiende kule kujieleza, nenda ukaulize. Na huwezi kuuliza kama hujasoma." Akanieleza kifungu 50 cha Katiba kinanipa haki ya kuona ushahidi wao mapema. Siku kesi ilipotajwa tu, kabla ya kusikizwa, nikasimama, "Mheshimiwa, naomba stetimenti za mashahidi, P3 ya mlalamishi na OB ya usiku ule." Prosekyuta, yaani mwendesha mashtaka, akanuna lakini hakimu akaamuru, fotokopi nikalipa mwenyewe.

Na kesi yote ilikuwa humo ndani! OB ya usiku ule jamaa aliripoti kwamba amepigana na jirani juu ya maji. Stetimenti aliyoandika baadaye ati nilimvizia gizani nikampiga na chuma. Halafu P3 yake, pale kwa aina ya silaha daktari ameandika kitu butu, kidonda kimoja tu. Nikapiga laini chini ya hayo maneno na biro nyekundu.

Katikati wazee walijaribu kutupatanisha, na sheria inakubali, kifungu 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu korti kuhimiza suluhu kwa kesi ndogo za watu binafsi kama hizi. Mimi nilikuwa tayari kulipia matibabu. Jamaa akataja pesa ya kununua pikipiki mpya. Tukaachana hapo.

Siku ya kusikizwa sikubishana naye hata kidogo, ingawa moyo ulikuwa unachemka. Nilimuuliza, hii riporti ya OB ni yako? Ndio. Ulisema tulipigana? Ndio. Kuviziwa uliitaja usiku ule? Akanyamaza, akamwangalia prosekyuta. Nikakaa. Unaona, hapo kishawishi ni kuendelea, umuite mwongo mbele ya watu, na ukifanya hivo unampa nafasi ya kujirekebisha. Daktari nikamuuliza swali moja tu, kidonda kama hicho kinaweza kutokana na kuanguka kwenye simiti? Akasema inawezekana. Mheshimiwa akaandika, nami nikangoja amalize kuandika.

Hakimu akasema nina kesi ya kujibu. Mamangu alidhani nimefungwa, lakini maana yake ni zamu yako imefika tu. Unachagua: utoe ushahidi kwa kiapo uulizwe maswali, useme bila kiapo usiulizwe, ama unyamaze. Kama una kitu cha kuonyesha mimi naona kiapo kina uzito zaidi, so nikaapa, nikatoa P3 yangu, nikamwita mama muuza mihogo aliyeona lile bomba. Nilisema nilijikinga basi. Kujikinga kunakubalika, kifungu 17 cha Penal Code, bora nguvu uliyotumia ilingane na hatari, na si kazi yako kuthibitisha ulijikinga, ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha hukujikinga. Hiyo yule mzee alinirudishia kila jioni mpaka nikaichoka.

Nikaachiliwa bila hatia chini ya kifungu 215 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Kama una kesi ya kifungu 234 cha Penal Code, ile ya kuumiza vibaya ambayo kifungo chake kinaweza kufika maisha, tafadhali usiige haya yangu, tafuta wakili, na kama huna pesa uliza huduma ya msaada wa kisheria ya serikali, iko tangu sheria ya 2016.

Na ile risiti ya dhamana usiipoteze. Mimi nilirudi nayo orijino pamoja na kitambulisho nikaandika barua ya kurudishiwa pesa, ikachukua muda kuliko nilivyotarajia lakini ikaingia yote, nikawarudishia walionichangia kuanzia shangazi.