Migomo ya bandari tatu: jedwali limevunjwa, linajengwa upya

Jedwali letu la kwanza la kulinganisha migomo lilikuwa na mistari mitatu: Mombasa, mgomo wa Januari 1947, Dar es Salaam, Septemba 1947, Zanzibar, 1948. Swali: kwa nini makuli waligoma kwa kufuatana namna ile?

Safu ya "nchi" imefutwa. Mombasa ilikuwa imeandikwa chini ya Kenya, ilhali kisheria mwambao ule ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wameukodi tangu 1895. Kipimo sasa ni bandari. Kilindini, bandari ya Mombasa, meli zilifunga gatini tangu miaka ya 1920. Dar es Salaam shehena ilishushwa kwa matishali, yaani mashua bapa za kubebea mizigo kutoka melini, mpaka magati ya kina kirefu yalipopatikana 1956. Tofauti hiyo inaeleza maisha ya kibarua kuliko mpaka wowote.

Safu ya "kipande" nayo ilichanganya mambo mawili. Kenya, kipande kilikuwa cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kwa kuwa Kiswahili ni kimoja, mtu haulizi. Kuanzia sasa kila neno linaingia na mahali pake, mwaka wake na aliyelitamka.

Ugumu mkubwa uko kwingine. Mwaka 1888 mtaalamu wa Kiingereza Francis Galton alimhoji mwanaanthropolojia Edward Tylor, aliyekuwa akilinganisha mila za jamii nyingi kwa hesabu: je, mifano unayoihesabu haikuazimana? Bandari zetu ziliunganishwa na majahazi, mabaharia na barua za ndugu. Mashahidi watatu waliokwisha kusimuliana si mashahidi watatu. Hata hivyo mwanahistoria Mfaransa Marc Bloch, mwaka 1928, alipendelea kulinganisha majirani wanaoathiriana, na hapo tunamfuata. Basi limeongezwa jedwali la pili, la mapito: habari gani, imebebwa na nani, imeondoka lini, imefika lini. Kutangulia kwa tarehe peke yake hakutoshi kuandika pito. Lazima hati iseme. La sivyo kila kitu kitaonekana kimetoka Mombasa, na ughali wa maisha baada ya vita, uliowabana wote, utasahaulika.

Mgomo wa Dar es Salaam ulipanda reli ya kati kuelekea bara, kwa hiyo mapito hayaishii pwani.

Linalosumbua bado ni majalada. Ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar yalifunguliwa na serikali tatu, na kila jalada hunyamaza mtu anapovuka mpaka wake. Kwa sasa majina yanasakwa kwa mkono, jalada kwa jalada, tahajia zote tatu nne za jina moja zikiwa kwenye kadi moja.